Sera ya mpinzani katika duka la chama tawala: somo la shilingi na mkonge wa Tanga

MWAKA 1979 dola moja ya Marekani ilikuwa na thamani ya shilingi 8 na senti 20 hivi kwa kiwango cha Benki Kuu ya Tanzania. Kwa mfanyakazi wa ofisini hiyo ilikuwa habari ya redio tu. Kwa mzalishaji wa mkonge wa Korogwe, Muheza au Pangani, namba hiyo ilikuwa ndiyo bei yenyewe ya mazao yake, kwa maana mnunuzi wa Ulaya alilipa kwa fedha za kigeni, fedha hizo zikaingia Benki Kuu, na mzalishaji akapewa shilingi.

Hesabu yake haihitaji shahada. Tuseme tani moja ya singa imeuzwa dola 600. Kwa shilingi 8.20 mzalishaji anapata shilingi 4,920. Kwa shilingi 17, kiwango kilichofikiwa Juni 1984, anapata 10,200. Kwa shilingi 40, kiasi cha katikati ya mwaka 1986, anapata 24,000. Singa ni zile zile, meli ni ile ile, na mnunuzi hajaongeza hata senti. Sasa iwapo katika miaka hiyo mishahara ya wakataji, mafuta ya mashine, magunia na vipuri vya korona vimepanda maradufu huku kiwango cha kubadilisha fedha kikiwa hakijaguswa, anayeuza nje anakuwa amekatwa kodi ambayo haikuandikwa katika bajeti ya mwaka wowote.

Kodi hiyo ya kificho ndiyo iliyomtoa serikalini Bwana Edwin Mtei. Na safari ya mawazo yake, kutoka mezani kwa Waziri wa Fedha hadi nje ya mlango, kisha yakarudi ndani bila yeye mwenyewe, inafaa kusomwa na kila mfanyabiashara anayetaka kujua jinsi sera za nchi hii zinavyobadilika.

Mtu wa ndani aliyetoka nje

Mtei hakuwa mgeni wa dola. Benki Kuu ilipofunguliwa Juni 1966 yeye ndiye aliyekuwa Gavana wa kwanza, akakaa hapo hadi 1974. Alikuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hadi ilipovunjika mwaka 1977, kisha akawa Waziri wa Fedha. Alikuta hazina yenye matatizo mengi kwa mpigo: Jumuiya imekufa, mpaka na Kenya umefungwa tangu Februari 1977, neema ya bei kubwa ya kahawa imekwisha, vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vimekula fedha za kigeni, na bei ya mafuta imeruka tena mwaka 1979.

Ushauri wake ulikuwa kwamba nchi ikubaliane na Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kwamba shilingi ishushwe thamani. Rais Julius Nyerere alikataa. Mwishoni mwa mwaka 1979 Mtei alijiuzulu, na nafasi yake ikachukuliwa na Bwana Amir Jamal. Katika salamu zake za mwaka mpya wa 1980 kwa mabalozi, Mwalimu alilishambulia shirika hilo waziwazi, akihoji ni nani aliyelifanya kuwa wizara ya fedha ya dunia nzima. Hotuba ilipendwa sana, na kwa haki. Nchi maskini ilikuwa imesema neno ambalo nyingi zilikuwa zinaogopa kulisema. Hata hivyo kiwango cha shilingi hakikusikiliza hotuba.

Tanga ilikuwa mahali pa kuona gharama yake. Mkonge uliletwa Pangani mwaka 1893 na Dk. Richard Hindorf, ambaye kati ya vikonyo 1,000 vilivyosafirishwa kutoka Florida alipata 62 tu vilivyofika hai. Kutokana na hivyo 62 ilikuja kutokea nchi iliyoongoza dunia: mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha karibu tani 230,000 za singa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 uzalishaji ulikuwa kama tani 30,000. Mashamba yaligeuka msitu, na waliokuwa wakiitwa manamba wakatafuta shughuli nyingine au wakarudi mikoani kwao.

Haki itendeke: si shilingi peke yake iliyoua mkonge. Kamba za plastiki ziliingia sokoni na kushusha bei tangu katikati ya miaka ya 1960. Lakini plastiki hiyo hiyo ilimkuta Mbrazili, na Brazili ndiyo iliyochukua kiti cha mbele. Plastiki inaweza kueleza kwa nini soko lilipungua. Haielezi kwa nini Tanga ilipoteza fungu lake katika soko lililobaki. Hapo ndipo utaifishaji, uendeshaji mbovu na kiwango cha shilingi vinapoingia katika maelezo.

Kutoka uhujumu hadi ruksa

Msomaji kijana huenda asiamini jinsi mambo yalivyogeuka haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa walioitwa wahujumu uchumi. Sheria maalumu ilitungwa, watu wakakamatwa, na katika pwani nzima kuna simulizi za bidhaa zilizotupwa baharini au kuzikwa ili zisikutwe nyumbani. Sabuni, khanga na dawa ya meno vilikuwa vielelezo vya polisi.

Juni 1984, miezi michache tu baada ya Sokoine kufariki katika ajali ya gari Aprili 12, Waziri wa Fedha Bwana Cleopa Msuya alisoma bajeti iliyoshusha thamani ya shilingi hadi 17 kwa dola, ikaondoa ruzuku ya unga wa sembe, na ikaruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Maneno hayo ya mwisho ndiyo mapinduzi yenyewe. Mtu aliyekuwa mhujumu mwezi wa Machi mwaka uliotangulia sasa ni mwagizaji. Mitumba ikaingia kwa uwazi, rafu za maduka ya Ngamiani zikajaa tena, na duka la kampuni ya biashara ya mkoa likapoteza foleni yake.

Zanzibar ilikuwa imetangulia kuonja. Mzee Ali Hassan Mwinyi alishika urais wa visiwa Januari 1984, Bwana Seif Sharif Hamad akawa Waziri Kiongozi wake, na biashara ya huko ikalegezwa. Majahazi hayakungoja tangazo la bara. Mwinyi alipoingia Ikulu ya Dar es Salaam mwaka uliofuata, wananchi walimpa jina la Mzee Ruksa, na Agosti 1986 serikali yake ikasaini mkataba na IMF. Shilingi iliyokuwa 17 mwanzoni mwa mwaka huo ilikuwa imepita 50 ulipokwisha.

Kilichokataliwa mwaka 1979 kilikuwa sasa ni sera ya serikali ya chama kile kile. Mtei alikuwa wapi? Kati ya 1982 na 1986 alikuwa Washington, katika bodi ya wakurugenzi ya IMF, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika. Hakuna aliyemwita arudi kusoma bajeti. Msuya ndiye aliyeisoma, na serikali haikutangaza kwamba aliyejiuzulu alikuwa na haki. Iliitwa mpango wa kufufua uchumi, likiwa jina jipya kwenye gunia la zamani.

Miaka mitano ilipita kati ya kujiuzulu kwa Mtei na bajeti ya 1984, na karibu saba hadi mkataba wa 1986. Kwa zao linalochukua miaka mitatu hadi minne kabla ya kukatwa jani la kwanza, miaka saba ni vizazi viwili vya mimea ambayo haikupandwa. Wanaosema kwamba wazo zuri halichelewi wangepitishwa katika mashamba ya Hale na Ngomeni ya wakati huo.

Walioumia na ruksa

Makosa ya wengi wanaoandika juu ya kipindi hiki ni kuwahesabu walionufaika tu. Tanga haikuwa mji wa mkonge peke yake. Ilikuwa na viwanda vilivyojengwa kwa mantiki ya shilingi nzito: mashine na malighafi kutoka nje, kwa dola za bei rahisi zilizogawiwa na Benki Kuu. Kiwanda cha mbolea kiliagiza sehemu kubwa ya malighafi yake ng'ambo. Shilingi iliposhuka kutoka 17 hadi zaidi ya 190 kwa dola mwaka 1990, kila shehena ya malighafi ilihitaji shilingi zaidi ya mara kumi. Kiwanda hicho kilisimama mwaka 1991, na wafanyakazi wake hawakupata kazi katika mashamba ya mkonge kwa sababu mashamba yenyewe yalikuwa bado mikononi mwa mamlaka ya serikali iliyokuwa haina mtaji.

Hapa ndipo palipo kiini cha somo. Serikali ilichukua wazo la kiwango cha fedha mwaka 1984 na 1986. Wazo la pili, kwamba mali inayozalisha iwe mikononi mwa watu binafsi, lilingoja. Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, PSRC, ilianza kazi katika miaka ya mwanzo ya 1990. Saruji ya Tanga ilipata mbia wa Uswisi, Holderbank, mwaka 1996. Mashamba ya Mamlaka ya Mkonge yaliuzwa kwa kampuni ya Katani mwaka 1998, miaka 12 baada ya mkataba wa IMF. Kwa muda wote huo Tanga ilibeba hasara za sera mpya bila kuwa na chombo cha kuvuna faida zake. Kununua nusu ya sera ni sawa na kununua baiskeli bila mnyororo.

Maduka mengi, bidhaa moja

Vyama vingi viliporuhusiwa Julai 1992, Mtei alianzisha Chama cha Demokrasia na Maendeleo, CHADEMA, akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Alisimamia soko huria na biashara ya watu binafsi. CUF, ambacho Seif Sharif Hamad alikuwa miongoni mwa nguzo zake baada ya kufukuzwa CCM mwaka 1988, kilitangaza itikadi ya Utajirisho na baadaye kikawa katika umoja wa vyama vya kiliberali duniani. Bwana John Cheyo wa UDP, mfanyabiashara, alikwenda mbali zaidi kwa lugha: alipewa jina la Bwana Mapesa, kwa kuwa aliwaambia wapiga kura hadharani kwamba kutajirika si dhambi. Katika nchi iliyolelewa kwa kuchukia mabepari, huo ulikuwa ujasiri, na watu walimcheka na kumpenda kwa pamoja.

Tatizo la wafanyabiashara hawa wa siasa lilikuwa moja. Bidhaa waliyoileta sokoni jirani yao mkubwa alikuwa anaiuza tayari. Februari 1991 CCM ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, ili mwanachama aweze kuwa na hisa, nyumba ya kupangisha au mishahara miwili. Sheria ya mabenki ya mwaka huo iliruhusu benki binafsi. Mwaka 1992 maduka ya kubadilishia fedha yakafunguliwa kihalali, na mtu aliyekuwa akibadilisha dola kwa kunong'ona uchochoroni akapata kioo, leseni na ubao wa bei.

Matokeo ya uchaguzi wa rais wa 1995 yanasomeka kama taarifa ya mauzo. Benjamin Mkapa wa CCM asilimia 61.8, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi 27.8, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 6.4, Cheyo 4.0. CHADEMA haikusimamisha mgombea, ilimuunga mkono Mrema. Wagombea wawili waliozungumza uchumi wa soko kwa ufasaha zaidi walipata kura moja katika kila kumi. Mrema aliyepata zaidi hakuuza nadharia ya uchumi. Aliuza hasira juu ya rushwa, bidhaa ambayo chama tawala kisingeweza kuiazima kirahisi bila kujikata kidole.

Lipumba naye ni mfano wa kipekee. Mchumi huyu aliyesomea Stanford alikuwa mshauri wa uchumi wa Rais Mwinyi kati ya 1991 na 1993. Kwa hiyo mwaka 1995 alisimama kushindana na serikali ambayo yeye mwenyewe aliishauri miaka miwili tu nyuma. Ushauri uliobaki ndani na mshauri aliyetoka nje vilikutana jukwaani, na ushauri ukashinda kwa mbali.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Marekani, Ron Paul, daktari kutoka Texas na mtetezi mkali wa uhuru wa soko, aligombea tiketi ya chama cha Republican mwaka 2008 na 2012 bila kuipata. Wenzake walimwona kama kituko alipodai hesabu za Benki Kuu yao zikaguliwe na Bunge. Julai 2012 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada wa ukaguzi huo kwa kura 327 dhidi ya 98, na ilani ya chama ya mwaka huo ikaliweka dai lake pamoja na tume ya kuangalia uwezekano wa fedha kufungwa kwenye madini. Mgombea wao alikuwa Mitt Romney. Muswada haukupita Seneti. Ilani ilimpa Ron Paul aya zake, lakini utekelezaji ukabaki mikononi mwa watu ambao hawakuwa na haraka nao.

Kisichoazimwa

Kwa mfanyabiashara, swali lenye faida si nani aliyeshinda. Ni sehemu gani ya sera ya mpinzani iliyochukuliwa, na ipi iliyoachwa rafuni. Katika Tanzania mpaka unaonekana wazi. Kilichochukuliwa ni uhuru wa bei. Kilichoachwa ni uhuru unaopunguza mamlaka ya aliyeko madarakani.

Chukua ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitungwa wakati ubinafsishaji umepamba moto, lakini ardhi yote ikabaki mali ya umma, Rais akiwa mdhamini. Aliyenunua shamba la mkonge alinunua majengo, korona na haki ya kutumia ardhi kwa muda na kwa masharti. Chukua mazao. Sheria ya mkonge ya mwaka 1997 iliweka Bodi ya Mkonge yenye makao yake Tanga, na mwenye kutaka kuuza nje bado ana ofisi ya kupitia. Wapo watakaosema, na pengine kwa haki, kwamba bila bodi ubora wa madaraja ya singa ungeporomoka. Hata hivyo ni uamuzi wa serikali, si wa soko.

Chukua na siasa zenyewe. Mchungaji Christopher Mtikila wa DP alidai mahakamani haki ya mtu kugombea bila kupitia chama, dai la uhuru wa mtu binafsi kuliko mengine yote ya kipindi hicho. Mahakama Kuu, chini ya Jaji Kahwa Lugakingira, ilimpa ushindi mwaka 1994. Bunge likabadili Katiba. Alishinda tena Mahakama Kuu mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ikabatilisha mwaka 2010, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika iliyopo Arusha ikasema ana haki. Alifariki katika ajali ya gari Oktoba 2015, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu ambao haukuwa na mgombea binafsi hata mmoja. Wakati huo huo ibara ya 3 ya Katiba iliendelea kuitaja nchi kuwa ya kijamaa, ingawa hisa za saruji ya Tanga zilikuwa zikinunuliwa katika soko la hisa la Dar es Salaam tangu 2002.

Sera iliyoazimwa ina udhaifu mwingine: aliyeiazima hakuipigania, kwa hiyo haoni uchungu kuirudisha. Novemba 2018 serikali ya Rais John Magufuli ilituma jeshi kusomba korosho za kusini baada ya wanunuzi binafsi kugomea bei, ikatangaza kulipa shilingi 3,300 kwa kilo. Mwezi huo huo maduka ya kubadilishia fedha ya Arusha yalivamiwa na wakaguzi wakisindikizwa na askari, na mapema mwaka 2019 msako ukafika Dar es Salaam. Mengi yalifungwa. Kwa msafirishaji wa Tanga mwenye dola za mauzo, njia iliyobaki ilikuwa kaunta ya benki.

Na mkonge? Baada ya 1998 uzalishaji ulipanda polepole, hasa kwa mpango wa wakulima wadogo waliogawiwa maeneo katika mashamba ya Katani, lakini hadi mwaka 2020 haukufika tani 50,000. Kiwango cha dola wakati huo kilikuwa zaidi ya shilingi 2,200. Kwa hesabu ya mwanzo wa makala haya, tani ya dola 600 ingeleta zaidi ya shilingi 1,320,000, na mkulima wa Muheza angeuliza kwanza jembe, mbolea na nauli ya trekta vimefika bei gani.